Tulikwenda Kuposa Mutwanga, Tukaposa Matangani Kyondo

Walisema sitamaliza shule, nikamaliza. Walisema mtoto wa mchuma kahawa wa Bwera hawezi kuvuka bahari, nikavuka, tena kwa ndege, tena kiti cha dirishani. Walisema huko ng'ambo nitaosha vyombo tu na kurudi mikono mitupu, nami nikarudi na diploma ya upimaji ardhi yenye muhuri mwekundu, ambayo mama aliitundika ukutani juu ya picha ya Bikira Maria mpaka padri alipomwomba aishushe kidogo. Kwa hiyo mtu akiniambia sitaweza jambo fulani, mimi namshukuru, maana hapo ndipo ninapopata nguvu. Ni jambo moja tu walilosema sitaliweza na kweli likanishinda, na ndilo hili ninalowasimulia leo huku uso ukiniwaka, kwa sababu hadi sasa nikipita Kyondo akina mama wananiuliza kwa sauti kama nimekuja kuposa.

Kwanza mumjue Kambale. Kwao ni Kongo, karibu na Butembo, na baba yake alikuwa akileta maharage na mafuta ya mawese katika soko la Mpondwe, halafu vurugu za kule zilipoanza mwanzoni mwa miaka ya sitini akahamisha familia yote ikaja kukaa Bwera, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Tulikuwa wavulana. Tukapendana kwa sababu wote wawili hatukuweza kuona njia bila kutaka kujua inaishia wapi. Tulikwenda Katwe kwa miguu kuona ziwa la chumvi na tukarudi na nyayo zilizobabuka, tukaenda Fort Portal kwa baiskeli moja (mmoja anaendesha, mwingine anakimbia, kisha mnabadilishana), tukapanda mtumbwi Ziwa Edward na kiboko akatufukuza mpaka tukasahau vitunga vyetu. Na kila safari ilikuwa na sheria yake: mwisho wa safari tunafungua kopo moja la sadini, tunakula sawasawa, na mafuta yanayobaki chini ya kopo anakunywa yule aliyeongoza. Tukigombana njiani, kopo halifunguliwi. Hata nilipokuwa ng'ambo, sikuwahi kula sadini peke yangu.

Niliporudi, mwanzoni mwa miaka ya sabini, nikamkuta Kambale amekuwa mfanyabiashara wa vitenge, tumbo limeanza kuchungulia, na amepata mchumba. Msichana alikuwa wa Mutwanga, upande wa Kongo wa mlima, na jina lake Masika. (Kwetu Wakonzo, na kwa ndugu zetu wa ng'ambo ya mlima vilevile, binti wa kwanza karibu kila nyumba anaitwa Masika, kama vile wavulana tulivyojaa akina Baluku na Kambale, mimi mwenyewe ni Baluku, na ukiita Baluku sokoni Kinyamaseke utapata jeshi.) Baba yake msichana alituma neno: Jumamosi, kabla ya saa sita mchana, waje na mbuzi na msemaji wao. Wasipofika, atajua hawamtaki binti yake, kwani kuna kijana wa Beni mwenye pikipiki ambaye watu wake wamekwisha kupiga hodi.

Msemaji nikawa mimi. Nani mwingine? Siku ya posa bwana harusi hafungui mdomo, anakaa kama mzigo, na msemaji ndiye anayesimama mbele ya wazee na kuomba. Nilikuwa na Kiswahili, nilikuwa na Kifaransa cha kutosha kuogopesha watu, na nilikuwa na nywele zangu za ng'ambo, ndefu, zilizopasuliwa njia upande wa kushoto na kupakwa mafuta ya kopo.

Sasa hapa ndipo nilipofanya uamuzi ule mdogo. Kila mtu huenda Mutwanga kwa lori, kupitia Mpondwe na kuzunguka, na dereva wa lori la kahawa, Kule, alikuwa tayari kutupeleka. Mimi nikasema hapana, tutavuka mlima kwa miguu, tutashukia kwa wakwe kutoka mawinguni, na posa hiyo itasimuliwa mpaka na wajukuu. Kambale akakuna kichwa.

"Na mutu wa kutuonyesha njia?"

"Mtu wa nini? Diploma hii nimeileta ya kufungia karanga?"

Kule alicheka mpaka akashika usukani. "Baluku, mlima huu haukusoma na wewe. Utafika Mutwanga ndani ya lori langu, utaona." Kisha akavua viatu vyake vizito vya ngozi akanipa. "Chukua, nikuazime. Nataka kuona vitarudi vimesema nini."

Siyo viatu tu. Koti la mvua nililiazima kwa katekista wa Kisinga, mzee mpole ambaye alilikunja kama anakunja nguo ya altare. Mablanketi ya mama, panga la jirani. Mbuzi alikuwa wa Kambale, beberu mweupe mwenye ndevu za heshima. Mimi nilikuwa na dira yangu ya shaba, na ili nisiipoteze kwenye mianzi, nikaifunga kwa kamba kwenye panga, pale mpini unapokutana na chuma. (Mnaojua mambo haya mmekwisha kushika vichwa. Siku ya kwanza kabisa darasani, mwalimu wetu alituambia tusiweke dira karibu na chuma, kwani chuma huivuta sindano yake. Niliandika. Nilipigia mstari.)

Tulipanda vizuri. Mashamba ya kahawa yakaisha, migomba ikaisha, tukaingia kwenye mianzi, na ukungu ukashuka mzito hivi kwamba nilimjua mbuzi kwa kikohozi chake tu. Tulilala ndani ya mianzi tumembana mbuzi katikati kwa ajili ya joto. Nilitembea mbele na panga mkononi, nikiitazama dira kila mara na kutangaza, "Magharibi! Bado magharibi!" Tulipanda kilima, tukashuka bonde, tukapanda kitu kilichofanana sana na kilima kile cha kwanza. Jumamosi asubuhi tukaanza kushuka, na ukungu ukafunguka kidogo, jua likatupiga usoni.

Kambale akasimama. "Baluku, hii jua iko mbele yetu."

"Ndiyo."

"Ni asubuhi. Tukiwa tunashuka Kongo, jua ingekuwa mugongoni."

Nikamweleza kwamba ukungu wa milimani hupindisha mwanga, kwamba jambo hilo lina jina refu, na kwamba asiyelisomea hawezi kulielewa. Alinitazama. Akaangalia mbuzi. Mbuzi naye alikuwa akinitazama. Lakini Kambale ananiamini tangu utotoni, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo, kwa sababu alisema tu, "Haya, weye ndiye unajua," akaendelea kushuka.

Tukafika kwenye kahawa tena. Nyumba zilezile, udongo uleule, Kikonzo kilekile, maana watu wa pande zote mbili za mlima ni ndugu na hakuna mstari uliochorwa chini wa kukuambia hapa umevuka. Tukakutana na mwanamke amebeba kuni. Nikamuuliza kama nyumbani kwa Masika ni mbali.

Akamtazama mbuzi, akainamisha kichwa. "Ni hapo chini, watu wamejaa tayari. Poleni sana."

Nikajibu asante, safari kweli ilikuwa ndefu.

Na kweli watu walikuwa wamejaa. Wanaume wameketi kuzunguka moto, wanawake upande wao juu ya majani ya migomba, vyungu vikubwa jikoni, na wote kimya. Nikamnong'oneza Kambale kwamba hawa ni watu wenye adabu, Wakatoliki wa Kongo hawapigi kelele ovyo. Vijana wawili wakatupokea mbuzi, wakasema Mungu awabariki, wakaenda naye nyuma ya nyumba. Nikapitisha kitana kwenye nywele, nikajifunga koti vizuri, nikasimama katikati ya uwanja.

"Bonjour, messieurs. Bonjour, mesdames."

Mzee mmoja aliyejifunga shuka jeusi kiunoni (baadaye nikajua ni Mzee Thembo, mwenye mji) akainua uso polepole kama mtu aliyeamshwa.

"Wazee wangu," nikaendelea kwa Kiswahili, "sisi tumetoka Bwera, tumevuka mlima, tumelala kwenye mianzi, kwa sababu moja tu, na sababu hiyo ni Masika."

Wanawake wakaanza kulia. Nikaona nimegusa mioyo, nikaongeza sauti.

"Huyu mwenzangu hali, halali, kwa ajili ya Masika. Nasi tumesema, inatosha! Leo tumekuja kumwomba Masika, mtukabidhi, tuondoke naye."

Mzee Thembo akasimama. "Muondoke naye?"

"Leo hii."

"Mumupeleke wapi?"

"Bwera, mzee wangu. Kila kitu kimetayarishwa. Hata kitanda."

"Kitanda?"

"Cha mninga. Na godoro jipya, halijalaliwa na mtu."

Hapo kelele ikalipuka. Kijana mmoja akapaza sauti, "Si niliwaambia? Ni ukoo wake wa Bwera! Wamekuja kuchukua maiti!" Wanaume wote wakainuka, mmoja ana fimbo, mwingine kijinga cha moto, na mwanamke akajitupa mlangoni akitandaza mikono kuziba njia. Nami (Mungu anisamehe) nikadhani hii ndiyo namna ya watu wa Mutwanga ya kuonyesha kwamba binti yao ni wa thamani, nikatabasamu, nikasema, "Hatutamlazimisha, lakini na yeye mwenyewe anataka." Kambale alikuwa akivuta koti langu kwa nyuma kwa nguvu sana.

"Baluku. Baluku. Nyamaza. Angalia mulangoni."

Mlangoni, juu ya kichwa cha yule mwanamke, akatokea mzee mwembamba mwenye rozari mkononi. Akanitazama kutoka nywele mpaka viatu. Alikuwa katekista wa Kisinga.

"Huyu si Baluku wa Bwera?" akasema kwa upole wake uleule. "Na hii koti si ile yangu?"

Nikamwuliza amefika vipi Mutwanga.

"Mutwanga? Mwanangu, hapa ni Kyondo. Tunamuzika mama ya Thembo. Masika. Mama muzee wetu."

Na ukungu, ambao ulikuwa umetufunika tangu tulipoingia kwenye mianzi, ukachagua dakika hiyo kuondoka, na huko chini yakang'aa mabati ya hospitali ya misheni ya Kisinga, ambako nilizaliwa.

Sijui nilisema nini. Nadhani nilisema pardon. Najua nilipiga magoti, na Kambale akapiga magoti kando yangu, akaeleza yote kwa Kikonzo, polepole, mambo ya Mutwanga na msichana na mlima, na kila alipotaja diploma nilitamani udongo unimeze. Kisha ajuza mmoja akasema kutoka kwenye majani ya migomba, "Na Masika alivyopenda kucheka! Anaposwa leo, na godoro jipya!" Akaanza kucheka huku machozi yanamtiririka, na mwanamke wa mlangoni akacheka, na Mzee Thembo akajiziba mdomo kwa shuka lake, mabega yakimtetemeka, sikuweza kujua kama ni kicheko au kilio, na nafikiri yeye pia hakujua.

Ndipo Kambale akauliza habari za mbuzi. Wale vijana wakaja mikono imelowa. Mbuzi alikuwa kwenye vyungu.

Mzee Thembo akafikiri kidogo, akaita aletwe mbuzi mwingine, jike jeusi. "Mwanangu," akamwambia Kambale, "bwana harusi haendi kwa wakwe mikono mitupu. Lakini huyu ni wa kuazima. Mtanirudishia." Tukatupa udongo juu ya kaburi pamoja nao, tukaaga, tukakimbia.

Barabarani Kinyamaseke tukamkuta Kule amelala kivulini mwa lori lake. Akafumbua jicho moja, akavitazama viatu, akamtazama mbuzi aliyeondoka mweupe na kurudi mweusi. Akafungua mlango tu. Afadhali angecheka.

Ndani ya lori Kambale alikaa mwisho wa benchi. Kopo la sadini lilikuwa mfukoni mwake, nililiona umbo lake, na sikuthubutu kuliulizia. Tulipokaribia Mpondwe ndipo alipozungumza.

"Nilikuambia jua iko mbele."

"Uliniambia."

"Huko mulimani, sikukasirika kwa njia. Mutu anapotea. Nimekasirika juu ya vile ulinidanganya na jina refu. Leo usiseme kitu, Baluku. Hata bonjour."

Mpakani askari akazunguka lori, akasimama mbele ya mbuzi. "Wewe! Mbuzi hii inaenda wapi?"

"Kuposa, afande," akasema Kule.

"Mbuzi inaoa? Toka hapa! Pita! Haraka!"

Tulifika Mutwanga jua likiwa linaelekea kutua. Pikipiki ya kijana wa Beni ilikuwa imesimama uwanjani, inang'aa, na watu wake wameketi tayari. Baba yake Masika hakutupa hata viti.

"Nilisema mbele ya saa sita," akasema. "Ninyi ni batu ya namna gani? Musemaji wenu ni nani?"

Wote wakanitazama. Mimi nimekatazwa kusema. Kambale, kwa desturi, hana ruhusa ya kusema. Mbuzi peke yake alilia kidogo. Tulisimama hivyo, na nikamwona Kambale jasho linamtoka, na nikajua kwamba rafiki yangu anampoteza msichana huyu mbele ya macho yangu, na nimemfikisha hapo mimi, kwa hatua zangu mwenyewe. Mwishowe akavunja desturi.

"Baba, tulipitia matanga. Kyondo."

Uso wa mzee ukabadilika. Mtu anayetoka kuzika hagombezwi, kwetu wala kwao. Akaamuru viti viletwe. Kisha akauliza, kwa huruma ya kweli, "Poleni basi, batoto yangu. Ni nani amekufa?"

Hapo Kambale alinitazama, na macho yake yalisema, saidia. Nami ningesema nini? Kwamba ni Masika? Nitamke jina la binti yake pamoja na kifo, siku ya posa yake? Nikafungua mdomo na kikatoka kile kilichokuwa karibu.

"Mama ya baba yangu."

Wanawake wote wakaja kunishika mikono. Mama yake Masika akanilaza kichwa begani mwake, na mimi, msomi mzima, nikalia kwa sauti, sijui nilikuwa namlilia nani. Wakampokea mbuzi. Wakamkubali Kambale. Kijana wa Beni akapiga pikipiki yake teke mara nyingi kabla haijawaka, akaondoka.

Nilidhani yamekwisha. Njiani kurudi nikamwambia Kambale, "Umeona? Mwisho tumempata." Hakucheka.

"Tumemupata na mama ya baba yako ambaye alikufa mbele hujazaliwa. Ndoa yangu haitasimama juu ya uongo yako. Yule mama wa Kyondo sasa ni wako, utamumalizia matanga vizuri kama mujukuu. Halafu tutaona kama mimi na weye tunasafiri tena."

Basi nikaanza kurudisha vitu vya watu. Koti la katekista nililifua, nikalikunja kama alivyolikunja yeye, akanipokea na kusema tu kwamba Kongo iko upande wa kule, akanionyesha kwa kidole. Viatu vya Kule nilivipaka mafuta; akaviweka sikioni kama mtu anayesikiliza redio, akasema, "Vinasema vimechoka." Mablanketi kwa mama, panga kwa jirani, bila dira. Akabaki mmoja tu, Mzee Thembo.

Siku ya kuondoa matanga nilinunua mbuzi jike mweusi, aliyenona kuliko yule wa kwanza, nikamwongoza kwa miguu kutoka Kinyamaseke kupanda Kyondo, kwa njia kubwa ambayo hata kipofu haipotezi. Kambale alikuja, lakini alitembea mbele, hakugeuka. Mzee Thembo akapokea kamba. Nikamweleza uongo wangu wa Mutwanga, wote, mbele ya watu, nikiwa nimesimama palepale nilipoposa.

Hakucheka safari hii. Akaonyesha benchi kando ya nyumba, ambapo mwanamke alikuwa akinoa wembe. "Wajukuu wanakaa pale," akasema.

Kwetu ndugu wa marehemu hunyolewa siku hiyo. Nikashika nywele zangu. Nilikuwa nimezivusha bahari, nimezichana ndani ya ukungu, zilikuwa, niseme ukweli, diploma yangu ya pili. Nikakaa. Zikaanguka miguuni pamoja na ile njia yao ya kushoto, na kuku akaja kuzichunguza akaondoka. Mwanamke aliponimaliza, mtu akaketi karibu nami kwenye benchi, akainamisha kichwa. Alikuwa Kambale, ambaye harusi yake kanisani ilikuwa inakaribia.

"Wewe hukumwita nyanya yako," nikamwambia.

"Ni miye nilisema tulipitia matanga," akajibu kutoka chini ya wembe. "Tulipitia wote."

Mchana ule, mbele ya nyumba ya marehemu Masika, niliapa kwamba tangu sasa mtu akiniambia jua liko mbele, nitalitazama jua. Kambale alitoa kopo la sadini mfukoni, lilelile, limebonyea ubavuni kwa safari zote zile, akalifungua, tukala sawasawa kwa vidole. Mafuta yakabaki chini. Nikangoja. Hakuyanywa, wala hakunipa. Alichovya vidole, akanipaka kichwani polepole pale wembe uliponikwaruza, vichwa vyote viwili viking'aa kama mabati ya Kisinga, kisha akasema:

"Haya. Sasa sema bonjour."